Kanyoni Alipokosa Mahali pa Kutua

Mimi sikusoma sana. Shule niliiachia kwenye yale madarasa ya penseli, kwa hivyo uongo mrefu sina uwezo nao. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Ukitaka kucheka, cheka, lakini sikiliza kwanza.

Hapa kwetu Wamagana kulikuwa na mzungu tuliyemwita Kanyoni, yaani ndege mdogo. Alirusha ndege kwenye ile vita kubwa, na vita ilipoisha akarusha kwenye mashindano ya mbio. Vikombe vya fedha alivyoshinda hakuvifungia kabatini. Alitunywesha chai navyo, sisi wafanyakazi, na si unajua fedha inavyoshika moto? Tuliungua midomo tukicheka. Wewe unamjua mzungu mwingine wa hivyo?

Kazi yangu ilikuwa kiwanja chake cha nyasi. Nikisikia ndege, nafukuza kondoo, nawasha majani mabichi ya mkaratusi ili aone moshi unalalia wapi. Pia kulikuwa na mfuko mwekundu wa kitambaa juu ya mlingoti, wa kuonyesha upepo. Bila hivyo hatui. Anazunguka tu huko juu.

Sasa, alikufa juzijuzi, mzee kabisa, na ndege yenyewe iliuzwa zamani. Tulimlilia kama baba. Watu wakaushusha ule mfuko kwa heshima, kama bendera inavyoshushwa mkubwa akifa. Nani angeona ubaya?

Baada ya mazishi binti yake, ambaye alizaliwa hapa na Kikuyu anakijua kuliko wajukuu wangu, alikuja mlangoni kwangu, macho yamevimba.

"Baba Wangari, wewe husikii ndege?"

"Ndege gani?"

"Ya baba. Inazunguka kila jioni ukungu ukishuka. Hata usingizi sipati."

Mke wangu akaninong'oneza, "Hiyo ni huzuni. Mpe uji, na wewe usianze zako."

Nikampa uji. Lakini jioni hiyo nilikuwa kiwanjani na kondoo, ukungu ukashuka kutoka milima ya Nyandarua, na niamini, nikaisikia. Mlio ule ule, wenye kikohozi kidogo ikipunguza mwendo. Inakuja, inapita, inageuka, inarudi. Kama mtu anayebisha kwenye nyumba yake mwenyewe na hafunguliwi. Niliumia kuliko siku ya kaburi. Halafu kondoo, hawa wa juzi ambao hawajawahi kuona ndege ikitua, wakajigawa, wengine huku, wengine kule, wakaacha nyasi wazi. Nani aliwafundisha?

Nikawasha moshi kwa shida, kiberiti kimelowa. Moshi ulipolala upande wa mlima Kirinyaga, mlio ukapungua. Nikasikia magurudumu yakigonga ardhi, na nyasi zikalala mistari miwili mbele ya macho yangu. Ndege sikuiona. Nilimwona yeye. Kofia ya ngozi, uso wa kijana, ule wa kwenye picha yake ya vita aliyotundika ukutani.

"Kijana," akaniambia, mimi mwenye mvi hadi kwa nyusi, "nani alitoa mfuko?"

"Ni watu, bwana. Walikuwa wanakulilia."

"Asante yao. Lakini mnazima taa na mtu bado iko njiani?"

Akanipa mkono. Nikaushika, ningekataaje? Kisha akapita kuelekea nyumbani kwake. Binti yake anasema alisikia mtu akivua viatu barazani, akivuta pumzi kama aliyechoka, basi. Usiku huo binti alilala mpaka jua likamkuta kitandani. Mlio haujarudi tena.

Lakini mkono huu wangu wa kulia haujapata joto tangu siku hiyo. Naukalisha kwa jiko, wapi. Daktari wa Nyeri mjini alisema ati ni uzee. Uzee unaingia mkono mmoja? Mke wangu hataki nimguse nao. Na hata hiyo baridi siyo inayoniuma zaidi. Jioni natazama juu, na hakuna ninayemngoja.

Kwa hivyo wewe uliyefiwa, usikimbilie kuondoa vitu vya marehemu. Kofia msumarini, kiti, taa ya nje, chochote alichozoea kukitafuta akirudi, acha kikae kwanza. Wengine wanachelewa njiani. Na ukisikia wako amekuja, mfungulie. Ila mkono usimpe.