Maji ya Kuoshea Mashine za Baridi

Mwaka niliomaliza chuo kikuu, nikisubiri barua ya ualimu ambayo haikuwa na haraka ya kufika, nilipata kazi ya muda katika hoteli ndogo ya ufukweni, Malindi, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani kwetu mjini. Cheo changu kilikuwa msaidizi wa meneja. Kwa kweli nilipanga nani afanye nini siku gani, na kwa tabia niliyotoka nayo chuoni, kila jambo nililolikuta limepangwa nililitaka sababu.

Mashine za baridi ndizo zilizonisumbua zaidi. Kila chumba kilikuwa na sanduku la bati lililopachikwa ukutani, nusu ndani, nusu nje, likinguruma mchana kutwa. Wageni walisafiri mbali kulifuata jua letu, kisha wakajifungia chumbani kulikimbia. Kwetu joto tulilifukuza kwa kuta nene na madirisha ya juu, na sikuwahi kuona mtu akija na bisibisi kulihudumia dirisha. Nilimwambia hivyo fundi aliyezihudumia.

"Basi wachukue wageni wakalale kwenu," akanijibu, bila kuinua kichwa.

Alikuwa mtu mzima, Mgiriama wa Vitengeni, mbali na bahari, mwembamba, mwenye kutembea kama aliyehesabu hatua zake tangu asubuhi. Meneja alikuwa amekwisha kumtamkia mbele yetu sote: mashine zikiharibika msimu wa wageni, wataitwa mafundi wa Mombasa, naye arudi kwao akalime. Kwa umri wake, hakuna hoteli nyingine ambayo ingemchukua.

Kila Alhamisi ya pili alizifanyia usafi. Alizima umeme, akafungua uso wa mashine, akatoa chujio, akaliosha kwa sabuni na kulianika kivulini, maana juani lingejikunja. Kisha alizunguka nje. Huko nyuma mashine ina vibati vyembamba vilivyosongamana kama kurasa za kitabu, mwenyewe akiviita mapezi, na hapo ndipo joto la chumbani linapotolewa nje. Upepo wa bahari huyapaka chumvi usiku na mchana. Aliyamwagia maji kwa kopo, polepole, akayapitishia mswaki mkuukuu, na yaliyopinda akayanyoosha kwa ncha ya kisu cha mezani.

Maji hayo aliyateka kwenye tangi la mvua nyuma ya jiko, akavuka nayo bustani nzima, ndoo mbili mbili. Kisima kilikuwa hatua kumi tu kutoka vyumbani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na swali gani?"

"Kisima kiko hapa. Mbona unajitesa mpaka kule?"

"Maji yale yana chumvi."

"Nani kasema?"

"Ulimi wangu."

Niliteka, nikanywa. Yalikuwa maji, basi. Yaleyale niliyokunywa tangu nilipoota meno. Nikamwita mtunza bustani, kisha mpishi, wote wawili watu wa mjini kama mimi. Mtunza bustani alikunywa kopo zima akapangusa ndevu.

"Matamu haya! Kisima cha kwetu hakifui dafu."

Mpishi aliomba aongezewe. Fundi akachukua funda moja, akalitema kwenye maua.

"Sisi kwetu tunakunywa ya mvua na ya lambo," akasema. "Nyinyi mmezaliwa mmeshakolezwa."

"Ya lambo, pamoja na ng'ombe!" mtunza bustani akamchokoza.

"Ng'ombe wangu angekunywa haya, angenishitaki."

Tulicheka sote, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuamua. Watatu dhidi ya mmoja: jambo lilikuwa limepimwa mbele ya mashahidi. Tena tangi lilikuwa likipungua na jikoni walilalamika. Nikamwambia kuanzia siku hiyo mashine zioshwe kwa maji ya kisima.

"Haya. Liandike kwenye daftari la kazi, kwamba ni amri yako."

Niliona ananidharau. Nilimjibu kwamba watu wanaoaminiana hawahitaji maandishi. Alinitazama kidogo, kisha akaelekea kisimani. Nimejiuliza mara nyingi jibu lile lilitoka wapi. Mimi niliyemtaka kila mtu ushahidi, mimi mwenyewe niliombwa mstari mmoja tu wa wino nikaona nimetukanwa.

Mwezi wa nane hoteli ilijaa. Mashine zikaanza kunguruma bila kupumzika. Mgeni mmoja alilalamika kwamba yake inampumulia joto, na siku iliyofuata mbili zikazima kabisa. Meneja akaamuru zifunguliwe nyuma. Mapezi yalikuwa yameota ukoko mweupe, na pale alipoyagusa kwa kidole yalimeguka kama biskuti.

Aliagiza daftari. Kila Alhamisi ya zamu, kwa mwandiko wa fundi: zimeoshwa, zimeoshwa, zimeoshwa.

"Umeziosha kwa kitu gani? Kwa majivu?"

"Kwa maji, bwana."

"Kusanya vyombo vyako. Jioni nisikuone hapa."

Tulikuwa watu sita pale. Nilingoja fundi anitaje, ili nami nipate kujitetea. Hakunitaja, wala hakunitazama. Aliinama akaanza kuokota bisibisi zake, nami nikaondoka na wengine.

Nilikwenda jikoni. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kutafuta ukweli, lakini nilikwenda kutafuta nafuu. Niliteleka sufuria mbili, moja ya maji ya kisima, moja ya tangi, nikitumaini zitakauka sawasawa na kosa liwe la upepo, au la kiwanda, au la yeyote. Mpishi aliniuliza napika nini. Nilimwambia sijui bado.

Zilichukua karibu saa mbili. Sufuria ya tangi iliacha alama hafifu, kama ya pumzi kwenye kioo. Ile ya kisima iliacha ukoko mweupe mzito. Nikaulamba. Chumvi, na ukali fulani nyuma yake. Nikakumbuka birika la nyumbani, ambalo kila mwezi tulilikwangua ukoko kama huo kwa kisu, bila hata mmoja wetu kuuliza unatoka wapi.

Nikachukua sufuria zote mbili mpaka ofisini.

"Amri ya kutumia kisima ilikuwa yangu," nikamwambia meneja.

"Haimo daftarini."

"Alitaka niiandike. Nilikataa."

Alilamba kidole alichopitisha kwenye sufuria, akakunja uso. Yeye alikuwa mtu wa bara. Hakuhitaji kulamba mara ya pili. Akanisukumia daftari na kalamu. Niliandika kila kitu, nikatia sahihi na tarehe ya siku ile. Fundi alirudishwa kutoka langoni, mkoba begani. Mimi niliambiwa nimalize wiki.

Nilimkuta nyuma ya vyumba, amekwisha kufungua mashine, anachagua mapezi yanayoweza kuokolewa.

"Nisamehe, baba."

"Maswali yote yale," akasema, "hukuniuliza hata siku moja nilijuaje."

"Ulijuaje?"

"Mtwapa. Nilikuwa kijana. Nilizimaliza mashine za bwana mmoja kwa maji ya kisima, msimu mzima. Nikafukuzwa. Ulimi wenyewe ulijifunza baadaye."

"Na leo? Mbona hukumwambia ni mimi?"

Alipuliza unga mweupe uliokuwa kwenye ncha ya kisu.

"Ningemwambia, wewe ungekana?"

Nilitaka kusema la. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini nilikuwa nimekaa saa mbili jikoni natazama maji yakikauka, naye wakati huo alikuwa anawaaga watu. Alingoja kidogo, kwa adabu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kutafuta jibu zuri. Alipoona halipo, aliigeukia mashine tena, akaniomba nimshikie kifuniko.