Itakuwa Kwenye Toleo Lijalo

Jina lake la utani ni Toleo, na msinilaumu mimi, kwa sababu alijipa mwenyewe kwa kinywa chake. Ukimwambia programu yako inakwama, anasema hilo lilishatengenezwa kwenye toleo la tatu. Ukimwambia maandishi ni madogo, anasema itakuwa kwenye toleo lijalo. Siku moja nilimwambia suruali yake imechanika nyuma, naye akanijibu bila kuinua macho kwenye kompyuta, "Itakuwa kwenye toleo lijalo." Nilicheka mpaka bisibisi ikanidondoka, na tangu hapo jina likaganda.

Tumekodi chumba kimoja mwaka wa kumi na moja sasa. Mimi ni fundi wa simu: vioo, betri, matundu ya chaji yaliyoziba kwa vumbi. Meza yangu iko mbele, karibu na mlango, kwa sababu nahitaji mwanga na wateja. Meza yake iko nyuma, inatazama ukuta, kwa sababu yeye hataki vyote viwili. Wakati ule alipokuwa bado anajipiga kifua, alikuwa akiwaambia watu kwamba Fundi anatibu mwili wa simu na yeye anatibu roho yake. Mimi nilikuwa namwambia roho hailipi kodi ya chumba, alipe sehemu yake.

Alianza zamani, simu zikiwa bado za vitufe, kwa kutengeneza mchezo wa kuku anayevuka barabara. Zikaja simu za kugusa kioo, na pamoja nazo ule mfumo unaoziendesha, yaani kile kinachoamka kwanza ukiwasha simu na kuamua nani afanye nini. Toleo aliupenda mfumo ule kama mtu anavyompenda mchumba. Matoleo ya mwanzo, alikuwa akisema, yalikuwa nyumba isiyo na milango. Programu yoyote iliingia chumba chochote na kuchungulia itakacho. Kisha kila mwaka wenye mfumo wakaleta toleo jipya lenye masharti mapya. Programu ikatakiwa iombe ruhusa kabla ya kutumia kamera. Ikatakiwa iombe ruhusa kabla ya kusikiliza. Mwishowe kila programu ikapewa chumba chake, ikafungiwa humo na mali yake, na jirani asijue kuna nini ndani.

Na kila toleo lilivunja kitu. Aliandika programu ya vipimo kwa mafundi cherehani, toleo likaja ikafa. Aliandika ya ratiba za mabasi, ikafa. Aliandika ya mahudhurio ya shule, akaifufua mara tatu, mara ya nne akashika tama na kuiacha. Watu wanadhani kazi ya programu ni kama kujenga nyumba, ukimaliza umemaliza. Toleo alikuwa anajenga nyumba ambayo kila mwaka mtu anakuja kuuhamisha uwanja.

Programu moja tu hakukubali ife. Aliitengeneza kwa ajili ya dada yake.

Dada yake alimtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili. Alipokuwa mdogo aliugua, akapona, lakini sauti haikurudi. Anasikia vizuri, anaelewa kuliko wengi wetu, anashona vifungo na kutia zipu kwenye duka la nguo mtaa wa pili. Kusema tu ndiko hawezi. Toleo akamtengenezea programu ya picha. Unabonyeza picha ya bilauri, simu inasema "maji." Unabonyeza picha ya mlango, simu inasema "natoka, narudi sasa hivi." Na sauti iliyosema hivyo ilikuwa ya mama yao.

Mama mwenyewe ndiye aliyetaka. Alikaa mezani jikoni kwake, simu ya binti yake mbele yake, akawa anabonyeza picha na kusema, picha na kusema, miezi mitatu. Maneno mia nne na kumi na mawili. Kwenye "maji" alikohoa kidogo mwishoni, Toleo akataka arudie, mama akamwambia, "Acha hivyo hivyo, mwanangu. Mtu mwenye kiu hukohoa." Kuna mengine aliyaongeza bila kuombwa. Ndiyo maana ulikuwa unaweza kumkuta dada yake Toleo sokoni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, simu mkononi inafoka kwa sauti ya bibi mzima: "Nyanya hizi zimelala! Nipe zilizoamka!" Wauza mboga walikuwa wanacheka hadi wanashika mbavu, na walikuwa wanampa zilizoamka.

Mama akafariki mwaka uliofuata. Sitasema mengi hapo. Nasema tu kwamba tulipotoka mazikoni, dada mtu aliingia kwenye chumba chetu, akaketi kwenye kiti cha wateja, akabonyeza picha ambayo sikuwahi kuiona. Ilikuwa picha yake mwenyewe. Simu ikasema, "Mwanangu." Akabonyeza tena. Nilijifanya natafuta skrubu chini ya meza, maana machozi yalikuwa yamenijaa.

Ilikuwa wiki hiyo hiyo nilipomwambia Toleo, "Hizo sauti ziko wapi?"

"Ndani ya simu yake. Kwenye chumba cha programu."

"Na kwingine?"

"Kwingine hakuna. Lakini nimeshapanga kitufe cha kutoa nakala. Itakuwa kwenye toleo lijalo."

"Toleo, we mwanamume, sikiliza. Chukua simu yangu hii. Tukae mchana mmoja. Dada abonyeze picha moja moja, mimi narekodi. Jioni tumemaliza."

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayetaka kuchota bahari kwa kijiko. "Fundi, hiyo si njia. Maneno mia nne kwa mkono? Na kelele za barabarani humo ndani? Nitaandika kitu kitakachotoa sauti zote kwa mguso mmoja, safi, kila moja na jina lake."

Nikamwambia hata kwa kelele za barabarani sauti ni sauti. Akasema nitaona. Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Ningeweza kumwita dada mtu nikarekodi mwenyewe, wala nisingehitaji ruhusa ya mtu. Lakini nilikasirika, nikasema si mama yangu, nikageukia kioo cha mteja.

Kuwaelewa watu wa kazi ile kunahitaji moyo. Jambo la mchana mmoja kwa mkono watalikwepa, wakae miezi minane wakiandika kitu cha kulifanya kwa dakika moja. Miezi minane kweli. Katikati ya hiyo miezi, vifaa vipya vya kuandikia programu vikakataa kukaa kwenye kompyuta yake kuukuu, akaamua kuifomati aanze upya. Alikuwa mwangalifu. Alinakili kazi yake yote kwenye flashi mbili, moja akanipa mimi niiweke kwenye droo yangu, ndipo akaifuta kompyuta. Nilimsifu siku ile.

Kitufe cha nakala kikamalizika. Nilikiona kwa macho yangu, kizuri kweli, na alama ya tiki ya kijani. Akasema atakijaribu kwenye simu yake siku mbili tatu, kisha ampelekee dada.

Siku ya pili dada mtu akaingia, uso umemjaa furaha, akamwonyesha simu. Ilikuwa imemwomba ruhusa ya kuweka toleo jipya la mfumo, naye akakubali. Kwa nini asikubali? Miaka yote alimsikia mdogo wake akisema kwamba kizuri kiko kwenye toleo lijalo. Alifungua programu yake atuonyeshe. Badala ya picha kukatokea maandishi: programu hii iliundwa kwa ajili ya toleo la zamani. Ikajifunga.

Toleo hata hakushtuka. "Usijali, dada. Nalirekebisha sasa hivi, nakutumia toleo jipya, litaingia humo humo na litakuta kila kitu. Nipe saa moja." Akaanza kupiga mluzi. Ndani ya dakika arobaini alikuwa ameshaona tatizo na kulitengeneza. Bado saini tu.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kila programu hutiwa saini kwa ufunguo, na ufunguo wenyewe ni faili moja dogo la siri. Simu haimjui mwenye programu kwa sura, inamjua kwa saini. Ukileta toleo jipya lenye saini ileile, simu inakufungulia chumba cha zamani na vyote vilivyomo. Ukija na saini nyingine wewe ni mgeni, hata kama kila mstari uliuandika kwa vidole vyako. Utaambiwa ufute ya zamani uanze upya, na ukifuta, chumba kinaondoka na vilivyomo.

Mluzi ukakatika. Nikamsikia anafungua flashi yake, kisha akaja kuchukua ile iliyokuwa kwenye droo yangu. Kazi yote ilikuwemo, miaka yote, hadi kuku wa kuvuka barabara. Ufunguo haukuwemo. Alikuwa ameuweka kwenye folda ya peke yake, mbali, imefichwa, kwa sababu kanuni ya kazi yao inasema ufunguo haukai pamoja na kazi, usije ukaibiwa. Aliuficha vizuri hata yeye mwenyewe akasahau kuunakili. Kisha akaifuta kompyuta.

"Fundi," aliniita, na sauti ilikuwa ya mtoto. Sikumcheka.

Tulifanya yote. Alipitisha kwenye ile kompyuta programu za kufufua mafaili, wiki nzima, zikamletea vipande vya picha za zamani na takataka. Aliuliza kuhusu kuirudisha simu kwenye toleo la nyuma, akajibiwa kwamba kurudi nyuma kunafuta kila kitu. Aliwaandikia waliotengeneza simu ile, akajibiwa na mashine iliyomshukuru kwa maoni yake. Mimi nikasema nitabandua chipu ya kumbukumbu niisome kwa kifaa changu, nimefanya hivyo mara nyingi kwa simu za zamani. Akatikisa kichwa. Kwenye simu hizi mpya kila kitu kimefumbwa, akasema, na anayeweza kukifumbua ni simu yenyewe tu, ikiwa nzima. Ningetoa jiwe lililojaa kelele, na ningekuwa nimeua simu.

Kwa hiyo sauti zipo. Hilo ndilo linalomla. Zingekuwa zimefutika angelia akamaliza. Zipo mle ndani, maneno mia nne na kumi na mawili, na kikohozi, na nyanya zilizolala, kwenye simu anayoweza kuishika mkononi. Mlango uliomfungia nje alikuwa akiusifu yeye mwenyewe, akisema ndio usalama.

Alimtengenezea dada yake programu nyingine, yenye sauti ya mashine. Dada mtu alibonyeza bilauri. Mwanamke fulani asiyekohoa akasema "maji." Akaifunga kwa upole, akamshukuru mdogo wake kwa kichwa, na tangu siku hiyo sokoni anaonyesha kwa vidole. Wanampa nyanya zozote.

Kisha akamuuliza, kwa ishara zao za mikono walizozoea, ile ya mama itarudi lini. Nilikuwepo. Nilimtazama Toleo nikimwomba kwa macho aseme ukweli, maana kuchelewa kungekuwa kubaya zaidi.

"Labda toleo lijalo la simu litaiamsha," akamwambia.

Huu ni mwaka wa pili sasa. Toleo haandiki tena programu. Anawawekea watu nyimbo na kuwafungulia akaunti walizosahau nywila zake, na jioni anafagia chumba bila kuambiwa. Suruali anashona.

Juzi dada yake aliniletea ile simu, betri imevimba mpaka mgongo umeinuka. Niliibadilisha taratibu sana, mimi ambaye nimebadilisha betri maelfu. Ilipowaka, ikatoa taarifa: toleo jipya la mfumo liko tayari, ungependa kuliweka sasa? Dada mtu aliruka kutoka kwenye kiti. Akamwonyesha Toleo kule nyuma, nyusi juu, akacheka kicheko chake kisicho na sauti, na akabonyeza ndiyo.

Tulingoja wote watatu. Simu ikazima, ikawaka, mstari ukajaa polepole. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kufutia vioo, nikawa nakikunja na kukikunjua. Akabonyeza picha ya programu. Maandishi yakatokea, yale yale, ikajifunga.

Dada mtu aliizima simu. Kisha akaenda hadi kwenye meza ya nyuma, akamgusa mdogo wake begani, akampigapiga kidogo kama anavyobembelezwa aliyefiwa, na akamwonyesha kidole kimoja kuelekea mbele: lijalo.

Toleo aliitikia kwa kichwa. Kwenye kompyuta yake hakukuwa na faili lolote lililofunguliwa.