Mama Alipopanda Longonot

Mimi hupeleka watu milimani. Ndiyo kazi yangu, na kila nikirudi nyumbani Mau Narok mama huniuliza kama nimepata kazi. Kwake yeye, mtu mwenye akili timamu hulima viazi.

Mwaka huo nilikuwa nimechaguliwa kwenda Nepal na kikosi cha wanawake, kwa mlima mrefu kuliko yote niliyowahi kugusa. Tiketi ilikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa baraka za mama, na mama alikataa katakata. "Ukafie kwenye barafu ya wenyewe?" Ningeweza kwenda bila hizo baraka, lakini usingizi ningetoa wapi?

Basi nikamwalika Mlima Longonot, yeye na akina mama wenzake wa kanisa, wajionee kazi yangu. Niliwaambia wabebe maji. Maji walibeba, pamoja na chupa za chai, mukimo wa viazi na mahindi kwenye hotipoti na sufuria ya kuku iliyofungwa kwa leso. "Hatuwezi kwenda mahali mikono mitupu," mmoja akanieleza, kana kwamba mlima umetualika harusi. Wakaibeba ile sufuria kwa zamu, wakisimama kila kona kuomba, na maombi yao si ya haraka. Aki nilichemka. Tulipofika ukingoni mwa kreta, lile shimo la volkano, muda ulikuwa umeenda, na mawingu meusi yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Mau.

Mama, vumbi hadi kwenye nyusi, akaonyesha kilele. "Si ni pale tu? Twende."

"Tunarudi," nikasema.

"Na magoti haya yote niliyoumiza, nirudi bila kufika?"

"Mama, radi inakuja. Huku juu mkubwa ni mimi. Geuka."

Sikuwa nimewahi kumwongelesha mama hivyo, tena mbele ya watu wa kanisa. Aligeuka, lakini hakunisemesha hadi chini, na mimi nikajua baraka nimezizika kwa mikono yangu. Niliumia sana.

Mvua ilitupata getini. Wengine wakiwa wanapakua kuku chini ya mabati, mama akanivuta kando.

"Huko kwa barafu, ukiona mawingu na kilele kiko pale tu, utageuka hivyo?"

"Nitageuka."

"Hata wenzako wakikasirika?"

"Si hata wewe umekasirika?"

Akanifungua viganja, akavitemea mate kidogo, vile wazazi wa kwetu hubariki.

"Basi nenda," akasema. "Mimi nilidhani hujui kurudi."