Maandishi Yaliyotazama Nje

Taa ya njano ya breki ilikuwa imewaka wiki tatu kwenye gari la mwalimu. Gereji mbili zilikuwa zimeshabadilisha sensa ya gurudumu, kifaa kinachosoma kasi yake, na taa ikabaki palepale. Sasa gari limerudi kwenye gereji hii, ugonjwa ulipoanzia.

"Nikiondoka tena na hii taa, mimi na ninyi basi," mwalimu alisema. "Mzee wenu mstaafisheni."

Mzee mwenyewe, mjomba wa fundi umeme wa gereji, alijifanya kutafuta spana. Ndiye aliyemfundisha huyu mpwa wake kazi. Siku hizi wateja huingia wakimuulizia mpwa. Mjomba huachiwa nati zilizogoma.

Fundi umeme, ambaye wenzake humwita Pima Kwanza, alichomeka mashine ya kupimia, akaliendesha gari polepole. Magurudumu matatu yakaonyesha kasi. La nyuma kushoto likaonyesha sifuri.

"Sensa hiyo," mjomba akasema. "Za siku hizi ni maganda ya mayai."

Pima Kwanza akahamisha sensa ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Sifuri haikuhama. Akapima waya, umeme unafika. Kilichobaki ni kile kinachosomwa na sensa: beringi, ambayo kwa gari hili ina pete ya sumaku upande mmoja. Akaingiza pini kwenye tundu la sensa, kulia. Ikanata. Kushoto ikateleza.

Hapo akaelewa. Beringi ya kushoto iliwekwa na mjomba, wiki tatu zilizopita. Na mjomba, miaka thelathini, huweka upande wenye maandishi nje, ili fundi atakayekuja baadaye asome namba bila kutaabika. Mafundi wengi huficha kazi yao; huyu aliigeuza ya kwake isomwe na mtu asiyemjua. Safari hii, upande wenye maandishi ndio uliokuwa na sumaku, na ulitakiwa uitazame sensa, ndani.

Pima Kwanza angeweza kulaumu sensa na kurekebisha kimyakimya. Badala yake akampa mjomba pini.

"Mjomba, jaribu na wewe."

Mjomba akajaribu kulia. Kushoto. Kushoto tena.

"Niliigeuza," akanong'ona. "Mbona hukuniumbua?"

"Nikuumbue, halafu nati zilizogoma anifungulie nani?"

Mjomba akafuta mikono muda mrefu kuliko mafuta yaliyokuwepo yalivyohitaji, akamwendea mwalimu.

"Mwalimu, sensa zako zote zilikuwa nzima. Kosa ni langu. Beringi niliipachika kinyume."

"Na leo nikuamini kwa lipi?"

"Usiniamini. Kaa hapo, niangalie."

Mwalimu akavuta tairi kuukuu, akakaa.

Beringi ikishang'olewa hairudishwi. Pima Kwanza alikwenda dukani kutafuta mpya, mbiombio, maana hakupenda kuwaacha wale wawili peke yao. Aliporudi, ya zamani ilikuwa imeshatolewa. Mwalimu alikuwa ameishika, kavaa miwani, akisoma maandishi yake kwa sauti, na mjomba akimweleza kila namba ina maana gani.