Msaragambo wa Televisheni

Miaka ile nilikuwa na intaneti kafe pale Karatu: kompyuta sita, dishi moja juu ya bati, na majivuno ya kutosha wilaya nzima. Kwa kuwa nilitoka Moshi, nilijiona mtaalamu. Ndiyo maana mzee mmoja wa kijiji cha Buger aliponiuliza kama ningeweza kumwonyesha binti yake akikimbia marathoni Ulaya Jumapili, nilijibu ndiyo kabla hajamaliza swali. Hakuwahi kumwona akikimbia mbio kubwa. Alizoea kumwona akirudi na medali tu.

Kulikuwa na programu ya kutazama televisheni za nje kwenye kompyuta. Watazamaji wenyewe ndio waliopitishiana picha kwa intaneti, kipande kwa kipande. Nilimweleza mzee kwa sauti ya mwalimu: "Kila anayetazama anamsaidia mwenzake. Tukiwa wengi, picha inakwenda vizuri."

"Kumbe ni msaragambo," akasema, "kama kijiji kizima tunapochimba mfereji."

Jumapili mchana, binti akiwa na kama kilomita tano za kumaliza, picha ilianza kukwamakwama. Mzee akatoka. Nikadhani amekata tamaa. Akarudi na nusu ya kanisa la jirani, wanakwaya wakiwa bado na majoho yao, wakajipanga nyuma yangu na kukodoa macho kwa bidii ili kuisaidia picha. Mama mmoja aliyeanza kusinzia alipigwa kiwiko.

"Tazama, wewe! Unatuangusha."

Ningewacheka, lakini mimi mtaalamu nilifanya kituko kikubwa zaidi. Niliwasha programu kwenye kompyuta zote sita ili tuwe wengi, na zote zikanyonya dishi lile lile. Picha ikagoma kabisa, binti akiwa mguu mmoja hewani. Nilizima tano mbio mbio, lakini ile moja haikusogea. Nilitamani sakafu inimeze.

Simu ya mzee ikaita. Alikuwa binti yake, akihema: amemaliza, tena wa tatu! Kwaya ikapiga vigelegele. Nikamwomba mzee msamaha, nikanyoosha mkono nizime kompyuta. Akaudaka mkono wangu.

"Mwanangu, usikate simu," akamwambia binti, macho yake yakiwa bado kwenye kioo. "Huku bado unakimbia. Tunakusubiri ufike."