Mwiko Uliooshwa

Katika kiwanda kidogo cha bia nyuma ya karakana ya magari, hakuna anayeingia chumba cha matangi na viatu alivyotoka navyo nyumbani. Mlangoni pana beseni la dawa, buti za mpira na ubao ulioandikwa kwa mkono: NAWA. UMENAWA? NAWA TENA. Aliyeuandika ni mwenye kiwanda, mtu wa miaka hamsini na minane ambaye wafanyakazi wake wanne humwita Daktari kwa sababu ya koti jeupe. Mkewe ana maelezo yake. "Siku ya harusi alinuka dawa ya matangi," huwaambia wageni. "Nikajua huyu hatanisaliti. Nani angemtaka?"

Kiwanda kilianzishwa na babu yake, aliyepika bia nyeusi kwenye mapipa ya mbao. Baba yake ndiye aliyeleta matangi ya chuma na chachu ya pakiti, akageukia bia nyepesi, ya kufanana na ile ya kiwanda kikubwa. Bia nyeusi ikaachwa. Hiyo ni miaka thelathini na mmoja sasa. Daktari aliionja mara chache ujanani, akaisahau. Mtu wa mwisho aliyeipika, na wa mwisho aliyekuwa angali na ladha yake mdomoni, alikuwa shangazi yake.

Mwanzoni mwa mwaka jana shangazi alikutwa na uvimbe kooni. Hospitali walimpa miezi, tena si mingi. Kesho yake Daktari alikwenda kumwona.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au kupima kaburi?"

"Nimekuja unifundishe bia nyeusi."

Shangazi alimtazama. "Miaka yote hii nakaa nyumba ya tatu kutoka kwako, na koo langu zima. Leo ndiyo umekumbuka?"

Alimfundisha hata hivyo. Kimea kikaangwe mpaka kifanane na buni iliyoiva motoni. Kichemshwe, maji yake yachujwe, yaachwe yapoe mpaka kidole kivumilie kuhesabu ishirini. "Halafu kuna ule mwiko mkubwa wa baba, kule jiko la zamani. Anza na huo. Koroga, funika, subiri."

Mwiko ulikuwepo kwenye msumari wake, urefu wa mtu mzima, umeganda ukoko wa kijivu tangu ncha mpaka katikati. Daktari alianza nao, kama alivyoambiwa. Aliukwangua kwa brashi ya waya, akauloweka kwenye dawa ya matangi, akaumwagia maji yanayochemka mara tatu, akauanika juani siku mbili. Ukatoka mweupe kama mfupa. Aliwaita wafanyakazi waje kuuona.

Pipa la kwanza lilikaa siku nne bila povu. Daktari alifanya ambacho mtu yeyote wa kazi hiyo angefanya: akatia chachu ya pakiti, kimya kimya. Wiki mbili baadaye alimpelekea shangazi glasi. Akanywa nusu.

"Umetia nini humu?"

"Ulichoniambia."

"Hii ni bia ya baba yako iliyopakwa masizi."

Pipa la pili nalo lilipata pakiti yake. Wakati huo shangazi alikuwa akinyweshwa kwa kijiko. Alitikisa kichwa tu. Pipa la tatu Daktari hakulitia kitu, akalisubiri kwa siku kumi na mbili, likaoza. Harufu ilifika karakana ya jirani, na fundi mmoja akachungulia ukutani kuuliza nani amekufa humo.

Aliyechoka ni binamu yake, binti wa shangazi, aliyekuwa akimuuguza mama yake. "Kaka, mwambie ukweli. Unamchezea mgonjwa."

Ndipo Daktari akakiri habari za pakiti. "Haikuumuka yenyewe, shangazi. Na wewe hukunitajia chachu."

"Chachu gani? Sisi hatukuwahi kununua chachu." Sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo. "Niletee mwiko."

Waliulaza kitandani kando yake, ncha ikielekea mto. Shangazi alipitisha kiganja juu ya mbao, akaenda na kurudi. Kisha akauinulia puani.

"Umeuosha."

"Ulikuwa mchafu, shangazi."

"Uchafu ndiyo chachu. Ilikuwa inakaa humo. Unakoroga pipa hili, unautundika, unakuja kukoroga lile. Baba aliukuta kwa mama yake. Hakuna aliyewahi kuuosha."

"Hukuniambia nisiuoshe."

"Ningejuaje kama kuna mtu angeuosha?"

Binamu aliangua kicheko, akaona hawacheki, akatoka nje.

Shangazi hakumlaumu tena. Kidole chake kilikuwa kimegusa ufa mwembamba kwenye mbao, karibu na ncha. "Pasua hapa," alisema. "Pengine maji yako hayakufika ndani."

Daktari aliupasua kwa patasi. Ndani ya ufa mlikuwa na uzi wa takataka ya kahawia, haujazi hata kijiko cha chai. Hakuthubutu kuutia kwenye pipa. Alichukua mtungi wa glasi wa lita tatu, akaujaza maji ya kimea, akatumbukiza uzi ule, akauweka mtungi juu ya meza ya ofisi, akaufunika kwa kitambaa. Siku tano zilipita. Siku ya sita vilipanda viputo vitatu, kisha vingine, na kufikia adhuhuri povu lilikuwa limegusa kitambaa.

Bia ya mtungi ilipoiva, koo la shangazi lilikuwa limefunga. Binamu alichovya pamba kwenye glasi akampaka midomoni. Ulimi ulitoka polepole, ukapita mdomo wa chini, ukarudi.

"Bado," alisema shangazi.

"Bado kabisa, au nimekaribia?"

Alikuwa ameshafumba macho. Alifariki siku nne baadaye, bila kuitaja tena bia.

Daktari anaendelea. Sasa yuko pipa la kumi na moja, kila moja limekorogwa kwa mwiko ule ule, uliofungwa waya mahali ulipopasuliwa. Wafanyakazi wanaisifia. Wazee wawili wa mtaani wameapa kuwa ndiyo yenyewe, lakini aliwahi kuwapa ile ya pakiti, nayo wakaiapia vivyo hivyo.

"Mimi naiona tamu," mkewe humwambia.

"Sikuulizi tamu. Nakuuliza kama ni ya shangazi."

"Sasa mimi nitajuaje?"

Mwezi uliopita bwana afya alikuja kukagua. Kwa miaka thelathini hajawahi kuandika kosa hapa. Husema huja kupumzisha macho. Alisimama mbele ya msumari.

"Daktari, hiki kitu gani?"

"Mwiko."

"Una ukoko wa unene wa kucha. Uoshwe."

"Hapana."

Bwana afya alisubiri utani uje. Haukuja. Akaandika kosa, akampa siku kumi na nne, akamsogezea karatasi. Daktari alisaini, akanawa mikono mpaka viwikoni, akauangua mwiko msumarini na kwenda kukoroga.