Nafasi Yangu katika Sikukuu ya Msalaba

Nakumbuka Ijumaa moja ya mwezi wa tano, hapa hapa Dubai, nilipokuwa na miaka ishirini na sita na miguu isiyotulia. Siku hizo Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yetu ya mapumziko. Kulikuwa na mahali nilipotakiwa kuwa, na watu kumi na mmoja walinisubiri huko juani kwa zaidi ya saa nzima. Mimi nilikuwa Sharjah, nacheza mpira.

Mwanangu, najua sijafikia umri wa kuitwa mzee. Mvi zimeanza juzi tu. Lakini ninyi mnaofika hapa mtaani Karama na mabegi yenu mapya mnaniita hivyo, na mtu akishaitwa mzee lazima aseme na yale aliyokosea, si yale aliyopatia tu. Nimefanya kazi Doha, nimefanya Muscat, nimerudi Dubai mara tatu kwa sababu sijui kukaa. Kote huko nimekwenda na jambo hili.

Nilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Deira, chini kabisa, mahali ambapo wageni hawafiki. Mlango wa pili ulikuwa wa jiko la mikate, na humo alikuwamo Mzee Saturnino. Alikuwa mtu wa Peru, kutoka kijiji kilicho juu kwenye milima ya Andes, ambako alisema mgeni akipanda ngazi tatu tu anaanza kuhema. Mfupi, kifua kipana, maneno machache. Kiingereza chake alikiokota jikoni kama mimi nilivyokiokota changu kwenye mashine za kufulia, kwa hiyo sisi wawili tulielewana vizuri kuliko tulivyoelewana na mameneja.

Wakati wa chai tulikaa juu ya makreti ya maziwa, akanisimulia sikukuu ya kwao. Kijijini kwake kuna msalaba unaokaa juu ya kilima mwaka mzima, unaangalia mashamba. Mwezi wa tano watu hupanda kuuchukua, wakaushusha, wakausafisha na kuuvika kitambaa kipya kilichodariziwa. Padre husoma misa. Kisha hutoka filimbi, ngoma, manyoya na vinyago, na watu hucheza siku kadhaa. Na kabla mtu hajanywa chochote humwaga kidogo chini, kwa ajili ya Ardhi, wanayoiita Mama. Milima nayo huamkiwa kama babu zao.

"Na padre anasema nini akiona mnamwaga?" nilimuuliza.

"Padre naye anamwaga," akajibu. "Amezaliwa kule kule."

Nilicheka, lakini maneno yale yalinigusa pabaya. Bibi yangu kule Bukoba alikuwa akimwaga rubisi, pombe yetu ya ndizi, mlangoni kabla ya mtu yeyote kunywa, akitaja majina ya marehemu kwa sauti ya chini, na Jumapili alikuwa wa kwanza kanisani. Baba yangu alikuwa katekista. Pasaka moja alimnyang'anya bibi kibuyu mkononi, mbele yetu wajukuu. Tangu siku ile bibi hakukaa tena na sisi kunywa. Habari hiyo sikumwambia Mzee Saturnino, ingawa ndiye pekee katika hoteli ile ambaye angeielewa.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Mama yake Mzee Saturnino aliwahi kuugua sana, akapona. Mwanawe akaweka nadhiri mbele ya msalaba kwamba ataibeba sikukuu, yaani kuiandaa na kuigharamia, miaka mitatu, huku ugenini pamoja na wenzake wa Peru, sikukuu tatu kamili, ndipo arudi kwa mama. Mama mwenyewe, mwenye miaka themanini na kitu, alikuwa akidarizi kitambaa cha msalaba wa kijijini kwa ajili ya siku atakayorudi mwanawe. Mwaka ninaousema ulikuwa wa tatu. Barua ya kuacha kazi alikwishaipeleka ofisini.

Kwao, mwezi mmoja kabla ya sikukuu, anayeibeba huoka mkate mkubwa wa mviringo, mtamu, akampelekea kila mtu anayemhitaji. Desturi hiyo wanaiita hurka. Anakueleza haja yake, kisha anakunyooshea mkate. Kukataa si kosa. Unaugusa, unashukuru, mnaachana kwa amani. Lakini ukimega ukala, umetoa neno lako, na nafasi uliyopewa ni yako peke yako. Mwingine hawezi kuijaza.

Ngoma yake ilitaka watu kumi na wawili, mistari miwili ya sita sita inayotazamana. Mmoja wao mkataba ulikuwa umekwisha, amerudi kwao. Basi asubuhi moja Mzee Saturnino aliingia chumba cha kufulia na mkate umefungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Deo," akasema, "nahitaji mtu mwenye miguu."

"Miguu ninayo, Mzee."

"Najua. Ndiyo maana wale wanene nimewapita bila kusimama." Kisha akawa na uso mwingine. "Usinijibu inshallah ya kazini, ile mnayomwambia sir wakati hamtaki. Ukikubali, kula. Ukikataa, saa nne tutakunywa chai kama kawaida."

Nilikula. Mkate ulikuwa bado na joto, unanukia mdalasini. Nilikula mpaka nikalamba chembe kiganjani.

Tulifanya mazoezi Ijumaa tatu kwenye uwanja wa kanisa. Aliyenifundisha hatua ni Rosalía, mhudumu wa mgahawa wa hoteli yetu, naye Mperu, mwenye ulimi mkali. "Deo, unacheza kama mtu anayefukuza kuku," aliniambia mbele ya wote, na wote wakacheka, na mimi pia. Sitaki kukudanganya, nilifurahi. Kulikuwa na saa pale ambazo nilisahau kama niko mbali na kwetu.

Kisha nikapewa kinyago. Kilikuwa cha sufu nyeupe, pua ndefu, masharubu yameshonwa. Rosalía akanipiga picha. Jioni nikiwa chumbani, Otieno, Mkenya tuliyekuwa tukilala vitanda vya juu na chini, akaiona kwenye simu yangu.

"Ebu oneni huyu," akawaita wengine. "Deo, hii ni nini umevaa usoni? Babako si ni katekista? Akiona hii atakuja na ndege ya kwanza."

"Ni sikukuu ya kanisa," nikasema.

"Kanisa gani hiyo ya manyoya, bana? Na kumwagia udongo juisi vile ulituambia, hiyo pia ni kanisa?" Chumba kizima kikaangua kicheko. "Wachana nao. Ijumaa tuna mechi na Wakameruni, Sharjah. Winga wetu amewekwa shifti. Unakuja, ama unaenda kurukaruka na wazee?"

"Nakuja," nikasema.

Sikufikiri hata kidogo, mwanangu. Kufikiri kulikuja baadaye, na kulikuja kunitetea. Nilijiambia kwamba dini yangu hainiruhusu, kwamba mtoto wa katekista hawezi kucheza mbele ya Ardhi. Niliupenda uongo huo kwa sababu ulinifanya nionekane mwema. Lakini kama ingekuwa dini, ningesema siku ya mkate, pale ambapo mzee wa watu alinifungulia mlango wa kukataa. Haikuwa dini. Niliona haya watu wanicheke, basi. Na kama nilivyonyamaza siku bibi aliponyang'anywa kibuyu, nikanyamaza tena. Ijumaa asubuhi nilizima simu, nikapanda gari na wenzangu.

Jumamosi niliingia jiko la mikate nikiwa na maneno niliyoyapanga njiani.

"Mzee, samahani sana. Jana nilipata dharura."

Alinitazama goti lililochubuka.

"Mlishinda?"

Nikakosa pa kuweka macho. "Tulifungwa."

"Pole," akasema, akarudi kukanda unga wake.

Yaliyotokea niliyasikia kwa Rosalía, kwenye kantini ya wafanyakazi. Siku hiyo hakuwa na utani. Walinisubiri kwenye joto mpaka padre akawaomba waanze. Wakacheza kumi na mmoja. Kinyago changu walikilaza chini mahali pangu, na mchezaji wa upande wa pili akacheza hatua zote akikitazama kile kinyago, peke yake. Mchezaji huyo alikuwa Mzee Saturnino.

"Baada ya ngoma akatuambia sikukuu hii haikutimia, kwa hiyo haihesabiki," Rosalía akasema. "Tulimwambia, Mzee, Mungu hahesabu vichwa. Akasema, 'Mimi nahesabu.' Leo asubuhi ameichukua barua yake ofisini. Anakaa mwaka mwingine."

"Kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Kwa ajili yako, Deo. Una jina."

Mwezi wa kumi na moja mama yake alifariki. Simu ilimkuta tanurini. Mazishi asingeyawahi, njia ni ndefu mno. Kitambaa, nilisikia, kilibakia upande mmoja haujadariziwa. Nilikwenda mpaka mlango wa jiko lake, nikamwona mgongoni, anatoa mikate. Neno nililokuwa nalo lilikuwa fupi, lingetosha kuanzia. Mashine yangu ikalia kwamba imemaliza, nikaifanya sababu ya kurudi.

Mwaka uliofuata alipita tena na mkate. Aliingia kwetu, akampa Mnepali aliyekuwa akipiga pasi pembeni yangu, akamweleza yote kwa upole kama alivyonieleza mimi. Nami akanisalimu vizuri, akaniuliza hali ya baba, akatoka. Hakuwa na hasira. Ningeiweza hasira. Sikukuu ikatimia, na mwezi wa sita akaondoka kurudi kwenye nyumba isiyo na mama. Siku ya safari yake nilikuwa mapumzikoni, na nililala hadi adhuhuri kwa makusudi, ili nisimkute mlangoni na sanduku lake. Sina namba yake. Jina la kijiji nililisikia mara nyingi na sikulishika.

Siku hizi, nikiwa Dubai mwezi wa tano, naenda kwenye sikukuu yao pale uwanja wa kanisa. Sura ni nyingine, Rosalía hayupo, msalaba ni mdogo kuliko nilivyoufikiria. Nasimama nyuma karibu na ukuta. Hakuna anayenijua, na sijawahi kumwambia mtu kwa nini nimekuja.

Basi, mwanangu, ninayokuomba ni machache. Watu wa mbali wakikuingiza kwenye jambo lao takatifu, usilicheke kwa sababu tu lina manyoya. Kama imani yako haikuruhusu, waambie siku hiyo hiyo, usoni. Watakuheshimu, nawe utabaki na dini yako ikiwa safi. Ukishakubali, nenda, hata chumba kizima kikucheke. Kicheko cha chumbani kinakwisha wiki moja. Wale wengine waliokicheka kinyago changu leo siwajui waliko, na Otieno ukimuuliza hakumbuki hata ile mechi.

Na ukimkosea mtu, usingoje upate maneno mazuri. Mfuate akiwa bado mlango wa pili. Dubai watu hawakai. Visa inakwisha, mtu anafunga begi, na deni la samahani linabaki na wewe, halina pa kupelekwa.

Mungu akutangulie katika kazi yako na katika vyumba hivi vya watu wengi. Akupe ujasiri wa kukataa mapema, na uaminifu pale ulipokubali. Akufanye mtu ambaye kwa sababu yake hakuna anayechelewa kurudi kwao. Na wazee wako, popote walipo, awatunze wakiwa hai mpaka siku utakayobisha hodi nao waitikie.